Huyu mvunja karoti wa Masaki ana shida gani?

Wakuu, yule bwana mnamjua, simtaji. Kaegesha gari kaziba gulio zima, kaja kwenye meza yangu ya mboga za kilimo hai. Kibao kinasomeka: ZILIZONYOOKA 3,000, ZILIZOPINDA 1,800 kwa kilo. Kachukua karoti yenye miguu miwili, kavunja mguu mmoja, kautupa chini, halafu: "Haya, imenyooka. Pima."

PIMA!

Karoti kuwa na miguu si ugonjwa. Ncha ya mzizi imegonga jiwe, udongo mgumu au samadi mbichi, ikagawanyika. Ladha ni ileile, kazi iko kwenye kumenya tu. Angelalamikia nyanya zilizopasuka ningemwelewa: zilikaa na kiu kisha zikamwagiwa maji kwa mkupuo, kesho zina ukungu, ndiyo maana tunaziuza za rosti ya leo leo. Lakini mguu mzima wa karoti, chini! Huyu akienda kununua tangawizi si atabeba randa ya seremala?

Tenga_Bovu: Kwa hiyo ulipima au hukupima?

Mleta uzi: Nilipima. Na kile kimguu nikakiokota nikakipima.

Tenga_Bovu: 😂😂 Kumbe mmekutana.

BiShamba: Punguza povu, rekebisha tuta. Tifua sentimita 30, toa mawe, weka samadi iliyooza kabisa. Sia mbegu palepale, usihamishe miche. Punguzia mpaka sentimita 5 kati ya mche na mche. Ukiona vinundu kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo, hapo hata ulainishe udongo vipi zitapinda.

Mleta uzi: Sijauliza kilimo. KAUVUNJA!

Mla_Kachumbari: Nyie wauza mboga za "sura mbaya" nao mmezidi. Kupinda sawa, ila nyanya yenye tundu na uchafu mweusi ndani ni kantangaze huyo, kiwavi mharibifu wa nyanya, unaniuziaje kwa jina la kuokoa chakula? Na kubwa zote zimepangwa juu.

Kinondoni_Moja: Afadhali wewe. Mimi nauziwa kwa sado, kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako mpaka imekuwa kikombe.

BiShamba: Na lumbesa je, gunia la kujazwa kupita kiasi? Gunia mwisho kilo 100 kisheria, linakuja na kilemba juu.

Kinondoni_Moja: Kilemba kimeshonwa kwa kamba, mkulima analipwa gunia moja!

Mleta uzi: Jamani, karoti...

Tenga_Bovu: Mkuu, fungua uzi wako. Hapa tunajadili lumbesa.