Nimeacha riadha na sanaa tatu zinanivuta: naombeni ushauri

Mkimbiaji wa Jinja:
Ndugu zangu, salamu kwenu. Tangu nikiwa shuleni hapa Jinja, Uganda, maisha yangu yalikuwa mbio za mita 800, hadi kano ya kisigino ilipochanika na daktari akanishauri niache kushindana. Tangu hapo ninapiga picha katika mashindano ya shule, ninaandika michezo ya kuigiza kwa kikundi cha vijana mtaani, na kuchora mabango kwa mkono. Zote nazipenda kwa dhati, lakini baba mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia karo, ananitaka nichague moja. Je, nichague, au ipo njia ya kuzishika zote?

Mwalimu wa Gulu:
Mdogo wangu, pole kwa jeraha. Tazama maisha ya mshairi Okot p'Bitek, mzaliwa wa huku kwetu Gulu. Miaka ya 1950 alikwenda Uingereza akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya soka, akabaki huko kusoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na baadaye anthropolojia Oxford. Riwaya yake Lak Tar, aliyoiandika kwa Kiacholi, lugha yetu ya huku Gulu, ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1953, kwa hiyo hakungoja mpira uishe ndipo aanze kuandika. Miaka ya 1960 alichapisha mashairi yaliyompa jina, akaongoza ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza Kampala, na kuandaa tamasha la sanaa hapa Gulu.

Kazi hizo ni nyingi, lakini zote zilichota kisima kimoja, yaani nyimbo, ngoma na imani za Waacholi. Ndiyo maana sikuulizi utaacha ipi. Nakuuliza ni jambo gani unalijua kuliko wasanii wenzako. Naamini ni maisha ya mkimbiaji. Wapiga picha wengi hujipanga penye utepe wa kumalizia mbio, ilhali wewe unajua kwamba katika kona ya mwisho ya mzunguko wa pili ndipo mwanariadha huamua kuvumilia au kulegea. Kona hiyohiyo inaweza kuwa picha, bango, na hata onyesho zima jukwaani.

Mama Studio, Mbale:
Mwanangu, mwalimu amesema vyema, ila kodi ya nyumba haingoji kisima. Picha ndizo zinazoweza kulipa mapema, kwa hiyo zipe siku zako za kazi, na michezo ya kuigiza uipe jioni.

Mkimbiaji wa Jinja:
Asanteni sana, mama na mwalimu. Shule moja inataka niikabidhi picha zote na haki zake kwa malipo ya siku moja. Nikubali?

Mama Studio, Mbale:
Usikubali kwa haraka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda aliyeitunga kazi, lakini ukishatia sahihi ya kuhamisha haki umeiuza. Waandikie kwamba wanaruhusiwa kuzitumia kwa matangazo ya shule, wewe ukibaki mwenye picha, na kwamba nusu ya malipo itolewe kabla ya siku ya mashindano. Kwa picha za watoto, omba pia idhini ya wazazi kwa maandishi kabla hujaziweka kwenye maonyesho yako.