Sampuli ya wapiga kura Mombasa: watu wangapi?

Swali: Wajuzi, nachunguza mbona watu hawajitokezi kupiga kura. Kuhoji 400 kwatosha majimbo yote 6 ya ubunge?

Jibu: Kwa kaunti nzima, ndiyo: kosa la makadirio ni asilimia 5 juu au chini. Ila usilinganishe Likoni na Nyali. Ukigawa sawa, kila jimbo lapata watu 66 hivi, na kosa lapanda hadi asilimia 12.

Jibu: Hesabu hiyo ni ya kuchagua watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu tupu, shekhe. Ukichagua mitaa kwanza, majirani hufanana mawazo. Zidisha sampuli kwa 1.5 au 2. Usihoji asubuhi pekee, wa bandarini utawakosa. Tena wengi hudai walipiga kura ilhali hawakupiga. Tanguliza "wengine hawakupata nafasi", ndipo uulize.

Muulizaji: Ahsanteni. Na kibali cha utafiti?

Jibu: Chukua NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kabla ya kuhoji yeyote.