Swichi haifunguki kwa HTTPS, ila HTTP inafungua. Niiache hivyo?

KeboNyekundu:
Habari wakuu. Nimerithi swichi kazini (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), aliyekuwa akiisimamia ameshaondoka. Nikifungua ukurasa wake kwa https, Chrome inanipa ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH na haina hata kitufe cha kuendelea kwa nguvu. Nikiweka http, nafungua papo hapo. Wiki nzima nimeingia hivyo. Mwenzangu anasema tuiache, maana haionekani nje ya mtandao wetu. Mimi roho haijatulia. Nianze kukagua wapi?

Bi_Seva:
Usiiache hivyo, mkuu. Kwa HTTP paswedi inapita wazi, na mtu akifanikiwa kunasa mawasiliano yako humo ndani ataisoma herufi kwa herufi. Kompyuta moja ikishaingiliwa, huko "ndani" kuna mgeni tayari.

Ujumbe huo una maana kwamba kivinjari na swichi havikuelewana toleo la TLS (itifaki inayosimba mawasiliano ya HTTPS) au namna ya kusimba (saifa). Vifaa vya zamani vingi vinajua TLS 1.0 na 1.1 tu. Vivinjari vikubwa vilianza kuyaacha matoleo hayo mwaka 2020, na IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, ikayaondoa rasmi Machi 2021. Usikisie, pima (weka anwani ya swichi yako):

`openssl s_client -connect 192.168.1.2:443 -tls1_2`

Ukiona cheti (hati ya utambulisho wa swichi) na jina la saifa, 1.2 ipo.

KeboNyekundu:
Imekatika, "alert protocol version". Halafu nimechomeka kebo ya konsoli (inayoingia moja kwa moja kwenye swichi) nikakuta saa ya swichi inasoma Januari 1970!

ZamuYaUsiku:
Hapo kwenye saa usipapite. Vifaa vingi havina betri ya saa, umeme ukikatika vinarudi mwanzo wa hesabu. Ukitengeneza cheti sasa hivi kitabeba tarehe hiyo, na kikiwa cha mwaka mmoja kitakuwa kimekwisha tangu 1971. Mimi kilishanipotezea usiku mzima, nahangaika na saifa kumbe tatizo ni kalenda. Weka NTP kwanza, ili swichi ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Kisha faimwea mpya (programu ya ndani ya swichi), uone kama inaleta TLS 1.2. Ndipo ufute cheti cha zamani na kutengeneza kingine chenye ufunguo wa RSA biti 2048. Poti 80, ile ya HTTP, ifunge mwisho kabisa, na konsoli ikiwa bado imechomekwa, usije ukajifungia nje.

mzee_wa_konsoli:
Faimwea mpya isipokuwepo, zima kabisa ukurasa wa wavuti. SSH, yaani kuingia kwa amri kwa njia iliyosimbwa, inatosha. Mimi ningeuzima hata kama ipo.

Bi_Seva:
Mzee, wenzake wa zamu wanautumia ukurasa huo, tusiwakatie. KeboNyekundu, cheti kikiwa cha kujisaini chenyewe, kivinjari bado kitakuonya. Kabla ya kukubali, soma alama ya SHA-256 ya cheti (mfuatano wa herufi na namba unaokitambulisha) kwenye konsoli, uilinganishe na ile inayoonyeshwa na kivinjari. Zikiwa sawa, unaongea na swichi yako kweli. Zikitofautiana hata herufi moja, usiweke paswedi.

KeboNyekundu:
Mrejesho, wakuu. NTP imeshika, faimwea imeingia, `-tls1_2` sasa inajibu. 1.0 na 1.1 nimezizima. Alama nimezisoma kwa sauti na mwenzangu, yeye kwenye konsoli mimi kwenye laptopu, zimelingana hadi mwisho. Poti 80 imefungwa.

ZamuYaUsiku:
Safi sana. Na ile paswedi ya wiki nzima kwa HTTP?

KeboNyekundu:
Aisee. Naibadilisha sasa hivi.