Mwenyeji anafuta bukingi yako "kwa ajili ya wakimbizi": hasara yote anabebeshwa mgeni, na sasa imetosha

Wakuu, kila jambo hili linapotajwa anatokea mtu kusema "muwe na huruma, nyumba kawapa wakimbizi." Huruma tunayo. Watu wa Kakuma, Dadaab na Kasulu hawahitaji mwenye nyumba ya likizo kule Kerry, Ayalandi, awafundishe maana ya kumpokea aliyekimbia vita. Kinachoudhi ni mtu kuuza tarehe zilezile mara mbili, halafu akatumia jina la mkimbizi kumnyamazisha yule aliyelipa kwanza.

Nachukua mfano wa Ayalandi kwa sababu huko jambo hili lilishamiri kuliko sehemu nyingi. Urusi ilivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Tarehe 4 Machi Umoja wa Ulaya ukaanza kutumia agizo lake la ulinzi wa muda, linalowapa waliokimbia ruhusa ya kuishi bila kusubiri maombi ya hifadhi, lililokaa kabatini tangu 2001. Kufikia mwanzoni mwa 2024 Ayalandi, nchi ya watu milioni tano na ushee, ilikuwa imepokea Waukraine zaidi ya 100,000. Nyumba za kupanga zilikuwa haba hata kabla ya vita, kwa hiyo serikali ikakodi hoteli, hosteli na nyumba za wageni. Mwishoni mwa 2022, zaidi ya robo ya vitanda vya utalii vilivyosajiliwa nje ya Dublin vilikuwa chini ya mkataba wa serikali.

Kibiashara inaeleweka kabisa. Nyumba ya wageni ya kaunti za Donegal au Clare hujaa Julai na kulala tupu Januari. Mkataba wa serikali ni vyumba vyote, kila usiku, mlipaji mmoja, bila kamisheni ya jukwaa lolote la mtandaoni la kukodisha nyumba, kama Airbnb. Nani angekataa? Lakini hakuna aliyenyang'anywa funguo. Mikataba ile ilisainiwa kwa hiari, na mtu anayesaini kwa hiari hawezi kumwambia mgeni wake kwamba limetokea jambo lililo nje ya uwezo wake. Mafuriko yako nje ya uwezo. Paa kung'oka kuko nje ya uwezo. Kumweka mtu mwingine kwenye kitanda ulichokwisha kukiuza ni uamuzi, na gharama ya uamuzi hubebwa na aliyeamua.

Sasa tuje kwenye nyumba binafsi, maana hapa ndipo uongo ulipojificha. Mwenye nyumba aliyempa mkimbizi makazi Ayalandi alilipwa euro 400 kwa mwezi kuanzia katikati ya 2022. Desemba mwaka huohuo ikapanda hadi 800, na Juni 2025 ikashushwa hadi 600. Malipo yalikuwa kwa nyumba, si kwa kichwa, na sharti lilikuwa kujitolea angalau miezi sita. Uingereza ilianza na pauni 350 kwa mwezi, nayo ikimtaka mwenyeji aahidi miezi sita. Piga hesabu mwenyewe: nyumba ya euro 150 kwa usiku inazipita hizo 800 kwa usiku sita tu wa Julai. Kwa hiyo hoteli ikikwambia imeingia mkataba wa serikali, huenda ni kweli. Mwenye nyumba binafsi akikufutia wiki ya pili ya Julai kwa sababu hiyohiyo, ama ni mtu mwema asiyejua kupanga, ama kuna mtu kampandia dau.

Na namna ya kumjua huyo wa dau ipo. Kwenye Airbnb mwenyeji akifuta, tarehe zile zinafungwa kwenye kalenda yake na hawezi kuziuza tena pale. Kwa hiyo anahamia jukwaa jingine. Chukua picha mbili za nyumba, ile ya sebule na ile ya mandhari ya nje, uzitafute kwa utafutaji wa picha wa Google. Kisha fungua Booking.com na Vrbo, weka mji uleule, tarehe zilezile, idadi ileile ya watu. Usitafute kwa jina la nyumba, kwa sababu jina hubadilishwa. Tafuta kwenye ramani. Ukiikuta iko wazi kwa bei ya juu, piga skrinshoti yenye tarehe, bei na anwani ya ukurasa, uitume kwa huduma kwa wateja siku hiyohiyo kabla haijaondolewa. Fanya hivi hasa pale tarehe zako zinapogongana na tukio kubwa. Zile siku za matamasha ya Taylor Swift pale Aviva Stadium, 28 hadi 30 Juni 2024, kitanda chochote Dublin kilikuwa dhahabu, na katika siku kama hizo sababu yoyote yenye huruma inafaa kuwa pazia.

Lakini mchezo mchafu kuliko yote ni huu, naomba kila mtu aushike vizuri. Mwenyeji anakutumia meseji tamu: "Nimewapa nyumba familia yenye watoto, tafadhali futa wewe upande wako, nitakurudishia hela yote." USIFUTE. Akifuta yeye, unarudishiwa kila senti pamoja na ada ya huduma, na yeye anapigwa faini. Ukifuta wewe, mfumo unakuona mgeni aliyebadili mawazo, na kinachorudi kinategemea masharti ya nyumba ile. Masharti ya wastani ya Airbnb yanakupa hela yote ukifuta siku tano au zaidi kabla ya kufika. Masharti magumu zaidi yanataka siku 30, na ukichelewa unapata nusu au hupati kitu. Ahadi yake ya "nitakurudishia" haipo popote kwenye mfumo. Mjibu kwa sentensi moja, ndani ya programu, usihamie WhatsApp: "Mimi bado nahitaji nyumba kwa tarehe hizi, kama huwezi kunipokea, futa wewe na uandike sababu." Basi. Usibishane, usimwonyeshe hasira, kwa sababu meseji hiyo ndiyo atakayoisoma mtu wa huduma kwa wateja.

Kuna toleo la pili la mchezo huohuo: anakutumia ombi la kubadilisha bukingi, anasogeza tarehe hadi Novemba au anapunguza usiku saba kuwa mmoja. Ukibonyeza kukubali, umeshakubali, na hakuna faini wala nyumba mbadala. Kataa ombi, usiliache likining'inia.

Faini zenyewe? Kabla ya 22 Agosti 2022, mwenyeji wa Airbnb aliyefuta alikatwa dola 50, au dola 100 ikiwa imebaki chini ya wiki. Linganisha dola 100 na mkataba wa miezi kadhaa, utaelewa kwa nini majira yale watu walifuta bukingi kama wanafuta vumbi. Tangu tarehe hiyo ni asilimia: 10 ikiwa zimebaki zaidi ya siku 30, 25 kati ya siku 30 na saa 48, na 50 ndani ya saa 48 au mgeni akiwa ameshaingia. Kwa bukingi ya euro 900 iliyofutwa siku 20 kabla, mwenyeji anakatwa 225. Ni afadhali. Ila hiyo faini haiji kwako! Wewe unabaki na tiketi ya ndege isiyorudishika na mji ambao nyumba zake za bei yako zimeisha wiki nyingi zilizopita. Hili ndilo ninalolilalamikia kwa nguvu zote. Mwenyeji akifuta ndani ya siku 30 kabla ya kufika, jukwaa linasema litakutafutia nyumba inayofanana kama ipo, au likurudishie hela. Hilo "kama ipo" ndilo linalowaumiza watu. Faini inapaswa kulipia tofauti ya bei ya nyumba mpya, moja kwa moja, bila mgeni kuomba.

Booking.com kanuni yao kwenye karatasi ni nzuri zaidi: mwenye nyumba anapaswa kukutafutia sehemu ya hadhi ileile au ya juu na alipe tofauti. Tatizo linakuja pale bukingi inapokuwa ya kulipia ukifika. Hujatoa hela, kwa hiyo watu hudhani hawana dai, wanakubali kufutiwa kimyakimya. Dai lipo. Piga simu kabla hujajitafutia sehemu nyingine, wape viungo vya nyumba mbili tatu zilizo wazi za eneo hilohilo, waulize wazi nani analipa tofauti, kisha omba jibu kwa barua pepe.

Kwa wanaolipa kutoka Afrika Mashariki kuna maumivu ya ziada. Bukingi ni ya euro, kadi ni ya shilingi. Hela ikirudi inabadilishwa kwa kiwango cha siku ya kurudi, na benki haikurudishii ilichokata wakati wa kulipa. Inaweza kuchukua hadi wiki mbili au zaidi kuonekana kwenye akaunti. Aliyelipa kwa kadi pepe, mfano ile ya M-Pesa GlobalPay, asiifute kadi hiyo mpaka safari iishe, kwa sababu marejesho yanarudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Na kama hela haiji kabisa, dirisha la kupinga muamala wa kadi ya Visa kwa kawaida ni siku 120. Nenda benki na meseji ya mwenyeji, uthibitisho wa bukingi na uthibitisho wa kufutwa.

Viza ndiyo habari nyingine. Mkenya na Mtanzania wote wanahitaji viza ya Ayalandi, na Ayalandi haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo usidhani viza ya Ufaransa itakuingiza. Maombi yanataka uonyeshe utakapolala. Bukingi ikifutwa maombi yakiwa bado mezani, tafuta nyingine mara moja inayofutika bila gharama, utume uthibitisho mpya ubalozini au kituo ulikopeleka maombi, na maelezo mafupi kwamba ni mwenyeji aliyefuta. Ikifutwa viza ikiwa tayari, safiri na karatasi ya bukingi mpya. Ofisa wa uhamiaji akikuuliza unalala wapi ukamwonyesha anwani iliyokufa, anayeulizwa maswali zaidi ni wewe, si mwenyeji.

Walioko ndani ya Ulaya wana silaha moja ya ziada isiyotumika vya kutosha: nunua ndege na malazi pamoja kama pakeji kutoka kwa muuzaji mmoja. Chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la 2015 kuhusu safari za pakeji, malazi yakianguka mwandaaji anawajibika kukupa mbadala au kurudisha hela ya safari nzima, tiketi ikiwemo. Ukinunua vipandevipande, kila mmoja anakuambia si jukumu lake. Na kabla ya kulipa angalia kwenye ukurasa wa nyumba kama mwenyeji ameorodheshwa kama mfanyabiashara au mtu binafsi. Vituo vya Ulaya vya kutetea walaji vinasaidia bure, lakini dhidi ya wafanyabiashara tu.

Kwa wenyeji wenye nia njema, maana wapo na nawaheshimu: kalenda iko mikononi mwenu. Airbnb.org, shirika la hisani la Airbnb, lililotangaza Februari 2022 makazi ya bure ya muda mfupi kwa hadi wakimbizi 100,000 kutoka Ukraine, linakuruhusu kufungua tarehe zilizo tupu tu. Ukitaka kujitolea kwa miezi, funga kalenda mapema, usiuze Julai hata kidogo. Kama zipo bukingi mbili tatu zilizokwisha kulipwa, zimalize kwanza, au mtafutie mgeni nyumba ya jirani na ulipe tofauti wewe, akiwa bado na miezi miwili ya kupanga. Iambie pia kampuni ya bima, maana bima ya nyumba ya wageni wa wiki moja huenda isimhusu mtu anayekaa mwaka.

Wala msije na ule mpango wa ujanja wa Oktoba hadi Machi, ambao unatimiza miezi sita ya sharti kisha mkimbizi anatolewa Aprili watalii wakianza kuja. Shule za msingi Ayalandi zinafungwa mwisho wa Juni, kwa hiyo mtoto anayetolewa Aprili anakatishwa masomo. Oktoba 2022 familia za Kiukraine zilizokuwa hotelini Killarney ziliambiwa zijiandae kuhamia Westport, zaidi ya kilomita 200, watoto wakiwa wameshaanza shule. Mtu anayemfutia mgeni leo kwa ajili ya mkimbizi ndiye huyohuyo atakayemtoa mkimbizi kesho kwa ajili ya mgeni, kwa sababu anachofuata ni kalenda ya bei.

Aliyefutiwa aweke hapa: jukwaa gani, zilibaki siku ngapi, nani alibonyeza kitufe cha kufuta, sababu iliandikwaje neno kwa neno, hela ilirudi kamili au pungufu, na kama nyumba ilionekana tena sokoni kwa tarehe zilezile. Ficheni majina na namba za simu.