Unyayo wa ikolojia: Tanzania tupimwe kwa mizani hii?

Mchokonozi: Wakuu, unyayo wa ikolojia, mizani ya watafiti Rees na Wackernagel, unalinganisha tunachotumia na kile ardhi na bahari zinaweza kukirudisha kwa mwaka. Inaeleweka hata kwa mbunge. Tuifanye kipimo rasmi cha uendelevu. Hata anayepikia mkaa kule Mbagala, Dar, unyayo wake ni mdogo kuliko wa mtu wa Doha.

Pima_Kwanza: Kipimo cha nini, mkuu? Chukua mahindi. Tani zilizovunwa unagawanya kwa mavuno ya nchi kwa hekta, unazidisha kwa mavuno ya nchi yaliyogawanywa kwa ya dunia, halafu kigezo cha usawa, namba ya kugeuza aina zote za ardhi ziwe hekta za kipimo kimoja. Mavuno ya nchi yanajifuta. Upande wa uwezo wa ardhi, yaani inachoweza kuzalisha, nao unaishia kwenye jibu lilelile, kwa hiyo shamba halionekani kamwe kutumika kupita uwezo wake. Udongo wa Kondoa usombwe wote, safu ya mazao kwenye hesabu hiyo haisemi kitu mpaka mavuno yaanguke.

BintiTemeke: Huyo wa Mbagala kaingiaje? Kila mkitaja mazingira lazima mumtaje mwenye jiko la mkaa. Jenereta za matajiri wa Masaki hamzioni.

Mchokonozi: Dada, nimesema unyayo wake ni MDOGO. Soma kwanza.

BintiTemeke: Mdogo kwa hesabu ya nani?

Tanuri: Swali zuri hilo. Mkaa hauko safu ya kaboni, uko safu ya msitu: miti iliyokatwa dhidi ya ukuaji wa mwaka. Tanuri la udongo hutoa 10 hadi 20% ya uzito wa mti. Gogo bichi linaungua kukausha maji yake lenyewe. Tanuri likipasuka, hewa inaingia unavuna jivu. Tani 1 ya mkaa ni tani 5 za mti, au 10. Chagua namba moja kwa nchi nzima uone.

Mchokonozi: Basi wahamie gesi, yamekwisha.

Tanuri: Hayajaisha. Gesi inahamia safu ya kaboni: unaondoa fungu la kaboni linalonyonywa na bahari, linalobaki unaligeuza hekta za msitu wa kulinyonya. Safu hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya unyayo wa dunia.

BintiTemeke: Mtungi utanunua wewe?

Pima_Kwanza: Mmeacha mahindi yangu.

BintiTemeke: Mahindi yako yanapikwa na nini? Na wewe Tanuri, hizo tani za mkaa zinatoka wapi kama si magunia yanayohesabiwa getini? Gunia la kawaida au la lumbesa, lililorundikwa kupita mdomo?