Mjadala: Maduka ya sanaa Arusha tunayo. Ukumbi wa sanaa wa wananchi je?

Mleta mada (Kaloleni, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Swali langu naliweka wazi kabisa: je, ukumbi mmoja pale Makumbusho ya Azimio la Arusha utengwe kwa maonesho ya wachoraji na wachongaji wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kazi zibadilishwe kila baada ya miezi michache, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na mkazi aingie bila kiingilio? Mimi nasema ndiyo. Wanaopinga ni wengi na sababu zao nazijua, ndiyo maana nimeileta hapa.

Mji huu una kuta nyingi za picha. Barabara ya Dodoma ipo Cultural Heritage, lile jengo lililobuniwa kwa umbo la ngoma, ngao na mkuki, na ndani mna kazi za nchi nyingi za Afrika. Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, nao huweka maonesho. Soko la Wamasai la Fire limejaa picha na vinyago kuanzia banda la kwanza hadi la mwisho, na ukitoka mjini kuelekea Mto wa Mbu utapita maduka ya vinyago mpaka uchoke kuyahesabu. Sina ugomvi na hata mmoja kati ya hao, wanalisha familia za watu.

Lakini angalia kilichotundikwa. Tembo. Twiga. Wamasai wanaruka. Mbuyu na jua linazama. Karibu kila ukuta umepangwa kwa ajili ya mgeni atakayelala hapa siku mbili kisha apande gari kwenda Serengeti, na bei, hata ikiandikwa kwa shilingi tangu kanuni za 2025 zilipokataza kutaja bei kwa fedha za kigeni, ni bei ya mfuko wake. Mchoraji wa Unga Limited anaweza kuchora stendi ya Kilombero saa kumi na mbili jioni, makondakta, mama wa ndizi, vumbi na taa za hiace, ukasimama ukatazama nusu saa. Haichori, kwa sababu mgeni hainunui, na mwenyeji hana pa kuiona. Matokeo yake tunao watu wenye mikono ya ajabu ambao kwa miaka yote wamechora maisha ya mbugani wasikoishi.

Kwa nini Azimio? Kwanza jengo lenyewe. Kabla halijawa makumbusho mwaka 1977 lilikuwa ukumbi wa jamii, mahali pa wakazi kukutana, na ndiyo maana Halmashauri Kuu ya TANU ilipata pa kukaa Januari 1967 ilipopitisha Azimio. Pili liko Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge, mtu anafika kwa miguu kutoka mjini, hahitaji gari la kampuni. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: Makumbusho ya Taifa, shirika lile lile linalosimamia Azimio, Dar es Salaam lina Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, ambako historia na sanaa ya leo vinakaa chini ya paa moja. Kama Dar imewezekana, Arusha inakosa nini?

Karibuni.

Mchangiaji wa pili (mchoraji, Sakina)

Mleta mada, heshima yako. Mimi nachora na nina banda sokoni, kwa hiyo unanizungumzia mimi.

Nitasema ukweli wangu. Tembo analipa ada ya shule. Aprili na Mei mvua zikianza wageni wanapungua, kodi ya banda haipungui. Ukiniambia nichore Kilombero nitakuchorea, tena kwa furaha, ila nani ataondoka nayo? Mkazi ataingia bure, ataisifu, ataenda nyumbani. Nikitundika picha tatu pale kwa miezi mitatu ni picha tatu zilizolala.

La pili ni kukopi. Hili mnalichukulia kirahisi ninyi msiochora. Nikibuni kitu kipya leo, mtu akipita na simu akapiga picha moja, wiki ijayo kiko kwenye mabanda kumi, kwa bei ya chini kuliko yangu, na jina lake chini. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, ila kumpeleka jirani yako wa banda kwenye kesi ni gharama na ni uadui. Sasa wewe unataka nikiweke ukutani mji mzima upite?

Tena tusiwalaumu wageni. Edward Tingatinga mwenyewe alikuwa anauza Oysterbay, mbele ya Morogoro Stores, na wanunuzi wake walikuwa wageni. Alichora kwa rangi za mafuta zile za baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi, na kutoka hapo sanaa ile ikapata jina dunia nzima. Mgeni hakuiua. Mgeni aliilisha.

Mchangiaji wa tatu (mwongoza watalii, Njiro)

Niongeze moja ambalo mleta mada amelipita. Wageni wengi wanaingia duka ambalo dereva amewapeleka, na dereva anawapeleka panapotoa kamisheni. Huo ndio utaratibu wa barabara, sisi wote tunaujua. Ukumbi wa umma usio na kamisheni hautapata gari hata moja. Kwa hiyo kama mnategemea mgeni aje Azimio kununua picha za Kilombero, sahauni, labda aje kwa miguu yake.

Mchangiaji wa nne (mlipa kodi, Muriet)

Binafsi napinga. Kata zetu huku bado zina upungufu wa madawati na zahanati, wanafunzi wamebanana. Ukumbi wa picha ni anasa ya watu wa katikati ya mji. Wachoraji wajiunge kikundi, waende halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa bila riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wapange chumba chao. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Kwa nini kila kitu kibebwe na umma?

Na Azimio liachwe. Wanafunzi wanaletwa pale kujifunza historia ya nchi, wakikuta nusu ya jengo ni picha za kuuza tutakuwa tumebadilisha maana ya mahali.

Mchangiaji wa tano (mzee, Moshi)

Wanangu, nimewasoma wote. Mmejadili kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa Kaskazini, nami sikubali liachwe hivyo.

Sam Ntiro alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923. Akasoma Makerere, akasoma chuo cha sanaa cha Slade kule London, na nchi ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wanapeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Fikirini. Mbege yetu, migomba yetu, usiku wetu, viko New York tangu kabla ya Uhuru. Niambieni mtoto wa Machame au wa Kibosho anayetaka kuona kazi ya Ntiro kwa macho yake hapa Moshi ataanzia mlango upi. Mchoraji wa Sakina anasema picha za maisha yetu hazina mnunuzi. Ile ilikuwa ya maisha yetu, na ikanunuliwa.

Mwingine ni Elimo Njau wa Marangu. Mwaka 1959 alichora ukutani maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a, Kenya, Kristo Mwafrika, vilima vikiwa vya huko huko. Miaka ya 1960 akarudi akafungua Kibo Art Gallery, kwetu Marangu, mlimani, si mjini. Mwaka 1965 akawa miongoni mwa waliofungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa pale Nairobi. Kwa hiyo Kilimanjaro ilikuwa na ukumbi wake wa sanaa wakati Arusha haijawaza. Nalisema hili kwa uchungu, si kwa majivuno: tuliwazaa, Nairobi na Kampala na New York zikawapa ukuta.

Lakini mjifunze na jambo la pili. Mwaka 1997 Paa ya Paa iliungua, kazi nyingi zikateketea. Nyumba ya sanaa inayobebwa na mtu mmoja na familia yake ikipatwa na janga, hakuna anayelazimika kuisimamisha tena. Ndiyo sababu namuunga mkono mleta mada kwamba iwe ya umma. Swali langu kwake: moto, wizi, maji ya mvua kwenye paa, nani anajibu? Mimi singetundika picha mahali ambapo jibu ni "tutaangalia".

Na bado nasema ianzie Moshi.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Umenipa silaha ambayo sikuwa nayo mkononi nilipoandika. Moshi au Arusha kwanza, mimi sigombani nawe, jengo lililo tayari liko huku ndiyo maana nimelitaja.

Kaka wa Sakina, nianze na Tingatinga. Ni kweli aliuza kwa wageni. Lakini umesahau mtu mwingine wa kizazi hicho hicho, George Lilanga. Mmakonde, mzaliwa wa 1934. Aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kama mlinzi. Mlinzi! Nyumba ile ilianzishwa 1972, wasanii wakapewa mahali pa kufanyia kazi na pa kuonyesha, naye akiwa mlangoni akaona, akaleta vinyago vyake, vikapokelewa. Alipofariki 2005 kazi zake zilikuwa zimeshazunguka Ulaya, Marekani na Japani. Hakutafutwa na mgeni barabarani. Alikuwepo ndani ya nyumba ambayo kazi yake iliruhusiwa kuangaliwa kabla ya kuulizwa bei. Hicho ndicho ninachokitaka Kaloleni. Wapo walinzi na mafundi rangi na mamantilie wa Arusha wenye mkono kama ule, na duka haliwezi kuwaona kwa sababu duka linatafuta kinachouzika wiki hii.

Kuhusu kukopi, hofu yako ni halali na sitaki kuipoza kwa maneno. Ila fikiria kinachomlinda mwizi leo: hakuna anayejua nani alianza. Picha ikitundikwa ukumbini, jina lako, tarehe na kichwa cha kazi vikaandikwa kwenye daftari la makumbusho na kwenye karatasi ya maonesho, una shahidi ambaye sokoni huna. Unaweza ukaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa ushahidi ule ule. Jirani akikopi, mji mzima uliopita pale unajua ya kwanza ilikuwa ya nani. Haizuii wizi wote, lakini leo una nini?

Kuuza kuruhusiwe. Bei iandikwe, kwa shilingi, na picha ikinunuliwa ibaki ukutani mpaka maonesho yaishe. Na usiamini kwamba mkazi hanunui. Mji huu una mawakili, madaktari, watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wa mahakama ya Afrika, wafanyabiashara wa tanzanite, wanajenga nyumba Njiro na Moivaro, na ukutani wanatundika saa na kalenda ya benki. Hawajawahi kukaribishwa. Wakipita mlango wa duka la sanaa wanajua halikuwekwa kwa ajili yao.

Ndugu wa Muriet, madawati ni haki na sitayapinga. Ila sijaomba jengo. Jengo lipo, mlinzi yupo, umeme unalipwa. Naomba ukuta, taa za kumulika na mhifadhi mmoja mwenye jukumu hilo. Mikopo ya asilimia 10 inafaa kununulia rangi na turubai. Haifai kuendeshea chumba ambacho watu wanaingia bure, maana mkopo unarudishwa, na chumba hicho hakiingizi cha kurudisha. Watoto wa shule wakija kujifunza 1967 na wakakuta chumba cha pili kinawaonyesha mji wao ulivyo sasa, sioni historia imepungua wapi. Azimio lilizungumzia wakulima na wafanyakazi. Wachorwe, basi.

Mwongoza watalii, hapo nakubaliana nawe moja kwa moja: magari hayatakuja. Ukumbi upangwe kwa kudhani hayatakuja kamwe. Ufunguliwe Jumamosi na Jumapili jioni, saa ambazo mtu wa Sokoni na wa Ngarenaro ana nafasi, siyo saa za ofisi.

Mzee, swali lako la moto ndilo gumu. Msimamo wangu: isipokelewe hata kazi moja kabla ya mkataba wa maandishi kati ya makumbusho na msanii, unaotaja thamani ya kila kazi na nani analipa ikiharibika, pamoja na bima. Kama shirika haliwezi kusaini hivyo, tusianze.

Mchangiaji wa pili (mchoraji, Sakina)

Nimesoma. Lilanga nilijua vinyago vyake, habari ya ulinzi sikuijua.

Mimi bado naona mnunuzi mwenyeji ni matumaini zaidi kuliko soko. Lakini niko tayari kutoa picha tatu kwa masharti haya: mkataba wenye bima kama ulivyosema, simu zizuiwe karibu na kazi ambayo mwenyewe hataki ipigwe picha, na maonesho ya kwanza yaanze Aprili. Msimu wa wageni siwezi kuondoa kazi bandani, masika ninao muda na kuta zangu zimejaa.

Mchangiaji wa nne (mlipa kodi, Muriet)

Aprili nami nitaleta wanangu waone. Msimamo wangu kuhusu fedha haujabadilika: taa na mhifadhi vilipwe na shirika la makumbusho, halmashauri isiguswe.

Mleta mada

Sawa. Naandika barua kwa makumbusho kwa masharti hayo: mkataba, bima, Aprili, jioni za mwisho wa juma, maelezo kwa Kiswahili, gharama kwa shirika. Wachoraji na wachongaji wanaotaka majina yao yawe kwenye barua waseme hapa chini, na wa Moshi msisubiri mwaliko mwingine.