Ukoo wa Babu, Mafinga: gumzo la kumbukumbu ya mwaka

JUMATATU

06:04 Shangazi Mkubwa: Kamwene wote. Kama mnavyojua, tarehe 28 Desemba Baba anatimiza mwaka. Mpango ni huu. Asubuhi ibada, mchungaji ameshakubali. Tukitoka hapo tunajengea kaburi. Saa nane mchana wenzake wa gofu wanacheza kumkumbuka, na ukoo utatoa timu ya watu wanne. Mchango 50,000 kila nyumba, mwisho tarehe 10. Mweka hazina namba yake mnayo.

06:05 Shangazi Mkubwa: Ukisoma jibu kwa maneno. Sitaki dole.

06:41 Binamu Dodoma: 👍

06:42 Shangazi Mkubwa: Nimesema nini?

06:43 Binamu Dodoma: Hilo lilikuwa la kusalimia. Shikamoo shangazi

06:50 Shangazi Mkubwa: Marahaba. Hela.

12:17 Shangazi Mkubwa: Watu 31 wamesoma, amejibu mmoja. Nawaona.

12:40 Kaka Fundi: Shikamooni wakubwa. Huku Makambako hali ngumu, naomba gimi ya 20,000, kama kwenye gofu. Mpira uko karibu kabisa na shimo, hesabuni umeingia bila kupiga

12:41 Dada Mwalimu: 😂😂😂 gimi

12:43 Shangazi Mkubwa: Baba hakumpa mtu gimi maisha yake yote. Haujaingia, haujaingia. 50,000.

12:44 Binamu Dodoma: Hata mchungaji alimnyima! Umebaki kama kiganja hivi, mchungaji kaokota mpira anatia mfukoni, Babu anamwambia "Rudisha chini, piga." Kapiga, ukapita pembeni

12:46 Kaka Fundi: Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa ya yule mtumwa aliyekataa kusamehe deni 😂😂

12:47 Mimi: Na Babu benchi la mbele, amina yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote

12:49 Dada Mwalimu: Mnakumbuka "Fooo!" yake ya kuonya watu mpira unakuja? Wachuma chai walikuwa wanainama na vikapu mgongoni. Akahamishia nyumbani, ukirusha mfupa wa kuku tu, Fooo!

12:50 Shangazi Mkubwa: Na mimi nacheka, lakini mchele haununuliwi kwa kicheko. Nani anaingia kwenye timu?

12:58 Mimi: Mimi naweza. Ila vifaa. Begi la Babu liko wapi?

13:30 Shangazi Mkubwa: Umeuliza vizuri. Mdogo wangu wa Iringa atujibu.

17:52 Baba Mdogo Iringa: Niko kazini tangu asubuhi, nafungua simu nakuta najadiliwa. Begi liko kwangu. Nililichukua kwa sababu chumba kile kinavuja.

17:53 Shangazi Mkubwa: Lina fimbo ngapi?

17:55 Baba Mdogo Iringa: Sijahesabu.

17:57 Shangazi Mkubwa: Mimi nilihesabu siku ya arobaini. 14. Ndiyo mwisho wa sheria ya gofu, na Baba alikuwa nazo zote. Watoto wako wamepiga picha na hilo begi sikukuu, nimezihesabu pichani. Ziko tisa.

17:59 Baba Mdogo Iringa: Dada, umekaa unavuta picha za watoto uhesabu vyuma?

18:00 Kaka Fundi: Shangazi TAKUKURU wanakuhitaji 😂

18:01 Dada Mwalimu: Kaka, acha.

18:04 Mimi: Mimi naulizia moja tu. Namba saba, ile aliyoizungushia mpira wa baiskeli pale pa kushikia. Ndiyo aliyonifundishia. Pale lilipokuwa linakaa dole gumba lake mpira umelika, ukiishika tu unajua lako liende wapi

18:06 Baba Mdogo Iringa: Hiyo ipo mwanangu. Haiendi popote.

18:07 Shangazi Mkubwa: Na hizo tano zimekwenda wapi? Zimefuata miti?

18:08 Baba Mdogo Iringa: Ehee. Sasa umefika ulikokuwa unakwenda.

18:09 Dada Mwalimu: Jamani ya miti tuliyamaliza Pasaka.

18:09 Shangazi Mkubwa: Yalimalizwa na nani? Mimi nilikuwa jikoni. Paini za bondeni nzima zimeangushwa, naambiwa na mpita njia.

18:13 Baba Mdogo Iringa: Aliyeuguza ni nani? Aliyekuwa anashuka naye Iringa kila kliniki ni nani? Wengine mlikuwa mnatuma "pole baba" na vikopakopa.

18:20 Shemeji Mbeya: Habari za jioni wapendwa, parachichi za Rungwe zimeingia, kubwa na tamu, oda mwisho kesho saa nne 🥑🥑

18:21 Shemeji Mbeya: Samahanini 🙏 nilikosea kundi

18:22 Kaka Fundi: Mimi niwekee ndoo moja

20:11 Babu Mdogo: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:26)

20:15 Binamu Dodoma: Niko kwenye daladala, aliyesikiliza aandike

20:31 Dada Mwalimu: Nimeandika kama alivyosema:

"Nimesomewa yote. Kaka yangu nilianza kumfuata kule kwenye chai tukiwa watoto, kabla ya Uhuru. Yeye kedi, anambebea Mzungu fimbo, mimi namwokotea mipira iliyopotea majanini. Habari za fimbo msinieleze. Desemba ardhi ya kwetu imelowa, mkimwaga zege kaburi litatitia. Ibada ifanyike, msalaba usimame, kujengea kungoje kiangazi, Juni au Julai. Miti niliuza mimi. Aliniagiza mwenyewe akiwa kitandani. Hela nyingine ilikwenda kwenye dawa, nyingine tulimlipia deni rafiki yake wa Kibao, yule aliyecheza naye mpaka miguu ikagoma. Alisema watoto wasijue, watamdharau mzee wa watu. Mmenilazimisha. Mwenye swali aje akae kwenye kigoda aniulize. Asiniulizie kwenye simu."

21:48 Shangazi Mkubwa: Shikamoo Baba. Tumesikia.

21:49 Baba Mdogo Iringa: Shikamoo Baba.

21:49 Dada Mwalimu: Shikamoo Babu

21:50 Binamu Dodoma: Shikamoo Babu

21:56 Kaka Fundi: Nimetuma 50,000.

JUMANNE

05:58 Shangazi Mkubwa: Kamwene. Tarehe 28 ibada na msalaba, basi. Gofu iko palepale. Mchango uko palepale, tununue sementi mapema.

06:20 Kaka Fundi: Shangazi, sementi ya Desemba mpaka Juni kwenye ukungu huu? Mtakuta mawe

06:22 Shangazi Mkubwa: Basi hela ikae kwa mweka hazina.

06:23 Binamu Dodoma: Juni mimi sina likizo

06:30 Shangazi Mkubwa: Mzee wa Kibao aalikwe. Asipigiwe simu, mtu aende kwa miguu yake. Nani?

07:40 Shangazi Mkubwa: Nimeuliza.

09:15 Baba Mdogo Iringa: Nitaenda Jumamosi.

09:16 Shangazi Mkubwa: Asante mdogo wangu. Ukirudi upite na begi.

09:17 Shangazi Mkubwa: Umeona?

14:33 Kaka Dar: Shikamooni, simu ilikuwa mbovu. Nimepandisha juu naona shikamoo tu. Kwa hiyo ni Desemba au Juni? Nimeshakata tiketi za watu wanne

14:40 Shangazi Mkubwa: Zote mbili. Tiketi usirudishe.

14:41 Kaka Dar: Na huyu mzee wa Kibao anadaiwa nini tena?

14:41 Dada Mwalimu: Kaka!!

14:42 Shangazi Mkubwa: Panda gari uje. Kwenye timu nimekuandika, mko wawili.

14:45 Kaka Dar: Mimi gofu sijui. Halafu zile tisheti za msiba nililipia mbili, mpaka leo sijaona hata moja